Kiwanda Hakiombewi Dua

Ukifungua redio ya National ya zamani, kabla hujagusa waya wowote, tazama vile vijikopo vya koili: skrubu moja nyekundu, nyingine ya njano, nyeupe, nyeusi. Mara nyingi utaikuta nta pale. Kuna mtu aliisikiliza redio ile, akaizungusha skrubu kidogo kidogo mpaka sauti ikatulia, kisha akadondosha nta ili isicheze tena. Nimekuwa fundi redio hapa Tandika tangu ujanani, na nta hiyo hunifanya nimfikirie aliyeiweka.

Vijana wanaoniletea spika za Bluetooth wengi hawajui kwamba redio ziliwahi kuundwa mjini humu. Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam miaka ya 1960, Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, kikatoa redio na betri za National. Arusha walikuwepo Philips. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipokusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wanakijiji walikaa kuzunguka redio za aina hiyo wakajadiliana habari za vyoo, maji na malaria. Betri zilipoisha nguvu tulizianika juani, angalau zifikishe taarifa ya habari. Kuanzia 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Kariakoo ikajaa mali ya nje, na redio iliyoundwa hapa ikatoweka taratibu. Mwaka 2008 kampuni mama huko Osaka nayo ikaliacha jina la Matsushita, ikajiita Panasonic.

Mama mmoja mjane wa Yombo aliniletea redio ya marehemu mumewe, aliyefanya kazi kiwandani pale. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi, akaniuliza: "Mwanangu, hii ikisema, yeye huko aliko anapata chochote?"

Sikuwa na jibu la haraka. Tumefundishwa kwamba mja akifa amali zake hukatika, isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemwombea. Redio haikutolewa sadaka. Iliuzwa dukani, na aliyeiunda alilipwa mshahara. Yuko atakayesema hesabu yake ilifungwa siku ile ile ya kupokea mshahara. Mimi sikubali. Mshahara ulilipia saa zake. Lakini kuiweka nta vizuri, mahali ambapo mnunuzi hatapafungua maisha yake yote, hakukuandikwa kwenye karatasi yoyote ya malipo. Mtu yule alimcha Mungu, au aliipenda kazi yake, na kwangu mambo hayo mawili ni majirani. Imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu humpenda mja ambaye akifanya kazi huifanya kwa ukamilifu. Basi nikamwambia mama: naamini anapata.

Konosuke Matsushita, aliyeanzisha kampuni ile mwaka 1918, alitangaza mwaka 1932 kwamba wajibu wa mtengenezaji ni kuzidisha bidhaa mpaka zipatikane kwa urahisi kama maji ya bomba. Ni nia njema na ninaiheshimu, kwani maskini naye alikusudiwa humo. Ila jina lililobandikwa mbele ya redio ni la kampuni, na kampuni haina roho. Ikifa haiulizwi kitu kaburini, wala hakuna wa kuirehemu. Anayeulizwa na kurehemiwa ni yule aliyechomelea risasi, na jina lake halikuandikwa popote kwenye redio ile.

Utaniambia Mungu anawajua wote, hahitaji orodha yetu. Kweli kabisa. Wenye haja ni sisi. Asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu, na sisi tuliolelewa na redio zile tumekaa miaka yote hii bila kuwashukuru. Waliofanya kazi kiwandani pale wengine wangali hai, wazee wetu wa Temeke, Vingunguti na Chang'ombe. Tunaswali nao msikitini, wengine mnasali nao kanisani. Nina daftari hapa mezani: jina, idara, na mkono wake ulikuwa ukifanya nini. Anayemjua mmoja wao amuulize pia ni nani aliyekaa naye meza moja, maana hao ndio wanaokumbukana kwa majina.