Syon: Watawa Waliobaki na Nadhiri

Abasia ya Syon ilianzishwa mwaka 1415 na Mfalme Henry V huko Twickenham, kando ya mto Thames. Mwaka 1431 ilihamia Isleworth, jirani na hapo. Katika Uingereza yote, ni nyumba hiyo tu iliyofuata kanuni ya Mtakatifu Birgita wa Uswidi. Kanuni ilitaka watu 85: masista 60, mapadre 13, mashemasi 4 na mabradha 8. Mapadre walikuwa mfano wa mitume, Paulo akiwamo. Waliosalia, 72, mfano wa wanafunzi waliotumwa na Kristo. Wanaume na wanawake waliishi mbalimbali, kanisa likiwa moja. Muungamishi mkuu alisimamia mambo ya roho, lakini mali na uendeshaji wa nyumba nzima, mapadre wakiwamo, vilikuwa mikononi mwa abesi, jambo geni kwa zama zile.

Sista hakuruhusiwa kumiliki hata sarafu moja. Vitabu vya kujifunzia, hata hivyo, aliruhusiwa kuwa navyo kadiri alivyohitaji. Kwa vile wengi hawakujua Kilatini vizuri, waliandikiwa kitabu cha kuwafafanulia sala zao kwa Kiingereza.

Kufikia mwaka 1535 Syon ilikuwa tajiri kuliko nyumba zote za watawa wa kike nchini, kwa pato la zaidi ya pauni 1,700 kwa mwaka. Mwaka huohuo Richard Reynolds, padre wa hapo, aliuawa kwa kukataa kumkiri Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa. Novemba 1539 nyumba ikafungwa kwa amri ya mfalme, kama nyumba nyingine za watawa nchini.

Hapo ndipo linapozuka swali: mfalme alivunja nini? Kwa kawaida watawa walitakiwa kutia saini hati ya kuikabidhi nyumba, ionekane wameitoa kwa hiari. Hati ya namna hiyo haijulikani kwa Syon. Ajabu zaidi, sheria ya Vifungu Sita, iliyopitishwa mwaka huohuo wa 1539, ilishikilia kwamba nadhiri ya useja aliyowekewa Mungu haifutiki. Kwa hiyo sista alinyang'anywa chumba, kanisa na shamba, kisha akakatazwa kuolewa. Dola ilikiri, pengine bila kukusudia, kwamba nadhiri haikuwa mali yake.

Masista wa Syon walilichukua neno hilo kwa uzito zaidi kuliko mfalme. Abesi Agnes Jordan alipokea pensheni yake, lakini aliendelea kuishi kitawa huko Denham pamoja na baadhi ya wenzake hadi alipofariki mwaka 1546. Wengine, wakiongozwa na Catherine Palmer, walivuka bahari. Malkia Mary aliwarudishia nyumba mwaka 1557. Miaka miwili baadaye, chini ya Elizabeth, walihama tena. Walitangatanga katika nchi za Flanders na Ufaransa hadi mwaka 1594, walipotua Lisbon. Huko walikaa zaidi ya karne mbili na nusu, wakipokea wasichana kutoka Uingereza, kila mmoja akiweka nadhiri yake kwa nyumba ambayo hakuwahi kuiona.

Walirejea Uingereza mwaka 1861, na hatimaye wakakaa Devon. Mwaka 2011 masista waliosalia, wachache na wazee, waliifunga abasia wenyewe. Safari hii hakuna mfalme aliyewaamuru.