Deni Letu kwa Aliyetangulia

Tukihesabu wanariadha wakuu wa nchi yetu, siku hizi huanza jina la Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025, naye anastahili. Wazee humtaja John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 ingawa alikuwa ameumia goti. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu yetu hii, huja baadaye, na husemwa kwamba hakupata dhahabu ya Olimpiki. Je, mizani hiyo ni ya haki?

Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Bayi, kijana wa miaka 20, aliongoza mbio za mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu mwanzo hadi mwisho. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye aliipita rekodi ya zamani. Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi alivunja pia rekodi ya maili. Wakimbiaji wengi walikaa nyuma ya wenzao wakingoja mzunguko wa mwisho. Yeye alitangulia akapigwa na upepo, na waliomfuata wakapata mwendo.

Mwaka 1976 ilikuwa zamu ya Olimpiki ya Montreal. Tanzania ilisusia pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Walker akachukua dhahabu ya mita 1500. Kama Bayi angemshinda, hakuna ajuaye.

Hapa ndipo penye swali gumu. Sisi twaamini kwamba kususia kulikuwa haki, maana utu wa mtu ni mkubwa kuliko mchezo. Lakini sadaka ile haikutolewa na mikono yote. Mkulima aliendelea kuvuna na karani aliendelea kupokea mshahara. Waliolipa ni vijana wachache, kwa miaka ya nguvu zao isiyorudi. Basi uamuzi waweza kuwa wa haki, na bado ukaacha deni.

Mwaka 1980 huko Moscow, Bayi alikimbia mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Alitangulia tena, akapitwa katika mzunguko wa mwisho na Malinowski wa Poland, akapata medali ya fedha. Suleiman Nyambui naye alipata fedha katika mita 5000. Hadi kumalizika kwa Michezo ya Paris ya 2024, Tanzania haikuwa na medali nyingine ya Olimpiki ila hizo mbili. Baadaye Bayi alianzisha shule, akalea watoto wa wengine.

Deni hili halilipwi kwa kudai kwamba angeshinda. Hulipwa kwa kuhesabu kwa ukweli. Sisi tunaoishi kando ya Hifadhi ya Ngorongoro twajua kwamba jema la wote mara nyingi hubebwa na mabega ya wachache. Basi tukiamua jema pamoja, tuulize kwanza ni nani atakayelilipia. Na akiisha kulipa, tusimweke miongoni mwa walioshindwa.