Samaki Anayegonga Kioo: Ni Nani Anayemuumiza?



Wiki hii nataka tufikirie neno dogo sana, herufi mbili tu: "ji". Mtu akikuambia, "Samaki wangu ameumia," utamuuliza ameumizwa na nini. Lakini akikuambia, "Samaki wangu amejiumiza," hutauliza tena. Kesi imefungwa. Mwenye kidonda ndiye mshtakiwa, na mwenye samaki anaenda zake bila deni. Je, hiyo "ji" tuna haki ya kuiweka hapo?

Nauliza kwa sababu ya mama mmoja wa kanisa letu mwenye saluni. Ameweka tangi la kioo karibu na mlango, na ndani yuko samaki mmoja mkubwa aina ya oska. Wateja wanampenda sana. Akiona mkono wenye chakula anakuja mbio kama mbwa wa nyumbani. Lakini kuna siku anachomoka ghafla na kugonga kioo kwa kichwa mpaka midomo inachubuka. Halafu analala ubavu chini ya tangi, na chakula hataki. "Pasta," mama akaniuliza, "huyu anataka kujiua, ama ni pepo?" Waliokuwepo walicheka. Mimi niliona swali ni zito.

Tuanze na hilo la pepo. Katika Marko 5 tunasoma habari za nguruwe kama 2,000 walioporomoka ziwani wakafa. Soma vizuri uone: hata pale hakuna anayesema nguruwe walijitakia. Kilichowaangamiza kilitoka nje yao. Kwa hivyo hata anayesema ni pepo hajamaliza kazi. Bado lazima aulize huyu samaki amepatwa na nini, na kimetoka wapi.

Sasa tumwangalie samaki mwenyewe. Asili ya oska ni mito ya Amazon, Amerika Kusini. Dukani mara nyingi anauzwa akiwa na sentimita 5 hivi, urefu wa kidole. Akitunzwa vizuri anafika sentimita 30, na anaweza kuishi miaka 10 na zaidi. Ubavuni ana mstari wa vihisio unaopokea mtikisiko wa maji. Ukiweka spika ya muziki meza moja na tangi, kila dundo analisikia kwa mwili wake. Mtoto akigonga kioo kwa kidole, ni hivyo hivyo. Samaki anashtuka na kukimbia vile angekimbia mtoni. Mtoni angekuta maji mbele yake. Hapa anakuta ukuta asiouona.

Usiku nao una mambo yake. Taa za chumba zikizimwa na ya tangi ikabaki inawaka, kioo cha kuonea nje kinageuka kioo cha kujitazamia. Oska ni samaki wa kulinda boma lake, na sasa anaona mwingine mkubwa kama yeye amesimama mlangoni. Anampiga. Yule mwingine hatoki.

Halafu kuna maji. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo inachoma matamvua anayopumulia. Maji ya mfereji yenye klorini, yakimwagwa tangini moja kwa moja, nayo yanachoma. Wako pia vimelea wa ngozi. Wewe ukiwashwa unajikuna. Samaki hana mkono, kwa hivyo anajisugua kwenye mawe mpaka magamba yanatoka, nasi tunasema amerukwa na akili.

Chukua pia arowana, yule samaki mrefu wa rangi ya fedha, naye wa Amazon. Kule kwao huruka juu ya maji kunyakua wadudu kwenye matawi. Sebuleni, kama tangi halina kifuniko, mruko ule ule unamtupa sakafuni, na asubuhi anakutwa amekauka. Kilichomlisha kule ndicho kinachomuua hapa. Samaki hajabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali, na mahali hapo hakupachagua yeye.

Nikifikiria haya namkumbuka punda wa Balaamu katika Hesabu 22. Punda alijibana ukutani mpaka akaponda mguu wa bwana wake, na bwana akampiga. Alimpiga mara tatu. Kumbe punda alikuwa anaona kitu ambacho bwana hakioni. Mnyama anayegonga ukuta huenda ana habari ambayo mwenyewe hujaipata.

Najua kuna mtu atasema, "Pasta, ni samaki tu, hata hasikii uchungu." Wataalamu wenyewe wamebishana. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake kule Uingereza walionyesha kwamba samaki aina ya trauti ana mishipa ya fahamu inayopokea maumivu, na akidungwa kitu kikali mdomoni anausugua mdomo huo kwenye changarawe. Wengine, kama Brian Key wa Australia, wanasema samaki hana sehemu ya ubongo inayoweza kuugeuza mguso huo kuwa uchungu. Mimi si mwanasayansi, nilisomea biashara. Lakini biashara inajua kitu kimoja kuhusu shaka: kama hujui kwenye katoni kuna sabuni ama mayai, huirushi. Unaibeba kama yenye mayai. Ukikosea, umepoteza nguvu kidogo tu. Ukikosea upande ule mwingine, huwezi kurudisha kilichovunjika.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na mama wa saluni ndiye alinipa. "Lakini mimi nabadilisha maji, namlisha vizuri. Jirani yangu ana oska kama huyu na ametulia. Kosa langu liko wapi?" Ni kweli, samaki hawafanani tabia. Mmoja ni mwoga, mwingine hana habari. Hapo ndipo tutenganishe hatia na wajibu. Huenda huna hatia yoyote. Hata hivyo mfereji uko mkononi mwako, swichi ya taa iko mkononi mwako, na spika ni yako. Samaki hawezi kuzima taa wala kujitafutia tangi pana. Kati ya wawili, ambaye anaweza kubadilisha kitu ndiye mwenye wajibu, awe amekosa ama hajakosa.

Na wajibu huo unaanzia dukani. Bei ya kununua ndiyo ndogo kuliko zote. Kwa oska mmoja mzima wafugaji wengi wanashauri tangi la lita 280 hivi, na juu yake kuna chujio, stima na maji ya kubadilisha kila wiki. Yule samaki wa sentimita 5 kwenye mfuko wa plastiki ni ahadi ya miaka 10. Kama huwezi ahadi hiyo, mwache dukani. Na kama umeshamchukua na umeshindwa, usimwachilie mtoni ukidhani umempa uhuru. Kule Florida, Marekani, oska wa kigeni wameshazaana kwenye maji ya porini na kuwa wakazi. Huko ni kulipa deni lako kwa mali ya wengine. Mtafutie mtu mwenye tangi kubwa na moyo wa kutunza.

Kwa mama nilisema hivi: kabla ya kuamua lolote, hamisha spika, zima taa ya tangi usiku, funika kioo cha nyuma, pima maji, weka kifuniko. Halafu mwangalie tena. Mithali 12:10 inahesabu kujali uhai wa mnyama kuwa alama ya mwenye haki, na kujali ni kazi ya mikono kama hiyo.

Mpendwa, sisi tuna mazoea ya hiyo "ji" hata kwa watu. Kijana aliyevunjika tunasema amejitakia. Mfanyakazi wa nyumbani aliyetoroka usiku tunasema amejiharibia. Pengine ni kweli. Lakini mara ngapi tumekagua tangi kwanza? Nani alipima maji aliyokuwa anapumua?

Wiki hii, ukitaka kusema mtu ama mnyama amejiumiza, ondoa "ji" kwa muda na uweke "nani". Baada ya kutafuta kwa uaminifu, unaweza kuirudisha kama bado inafaa. Mara nyingi utakuta kuna kitu cha kuhamisha, na kiko karibu na mkono wako.

Mungu akubariki.