Ujuzi wa Gereji za Mtaani

Tukizungumzia vijana wasio na ajira, tunaanza na wanachokosa. Mimi naona tuanze na walichonacho. Katika gereji za mitaani, kijana aliyeishia darasa la saba anafungua injini, anapanga boliti juu ya kipande cha boksi kwa mpangilio wa kuzirudisha, na kwa kusikia muungurumo tu anajua tatizo liko wapi. Kampuni ikitangaza nafasi, anakwama kwa kukosa cheti. Ndiyo maana naupa uzito mpango wa VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anapimwa, anaongezewa anachopungukiwa, kisha anapewa cheti.

Wapo wanaohofu kwamba vyeti vitashuka hadhi. Hofu hiyo ingekuwa na msingi kama vingegawiwa bure. Anayepimwa kwa kazi ya mikono yake hana pa kujificha. Pingamizi zito zaidi ni kwamba cheti hakizai ajira. Ni kweli kabisa, na inauma: fundi asiye na spana zake atabaki kibarua wa mwenye nazo. Lakini halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vikundi vya vijana. Basi afisa maendeleo wa kata aanze na orodha ya waliofaulu upimaji, awasaidie kuunda kikundi, na mkopo wao wa kwanza ununue vifaa.