Aliyefufua Si Mwenye Mali

Kituo chetu cha vijana hapa Nyarugusu kilipewa kompyuta ya mezani iliyokuwa imetupwa stoo. Ukibonyeza swichi, feni inazunguka, kataa kanawaka, halafu inalia pii, pii, pii, na kioo kinabaki cheusi. Wengi walisema imekufa. Mimi nikasema kinacholia bado hakijafa.

Nilifungua kisanduku chake. Vumbi jekundu lilikuwa limejaa mpaka kwenye feni. Nikachomoa vipande vya ramu, nikasugua meno yake kwa raba ya penseli, nikavirudisha na kuvibana mpaka vikalia ta. Ile betri bapa kama sarafu, ya volti 3, inayotunza saa mashine ikiwa haina umeme, ilikuwa imekwisha; nikaweka nyingine. Nikawasha. Ikalia pii moja tu, kioo kikawaka. Vijana walishangilia kama vile timu yetu imefunga goli.

Mpaka hapo ni ufundi. Swali langu linaanza baada ya hapo.

Ndani nilikuta folda ya barua. Zamani kuna mtu aliitumia mashine hii kuwaandikia watu wasiojua kuandika. Nikafungua moja. Moyoni nilisema nakagua tu kama faili zimepona. Ulikuwa uongo. Faili ikifunguka imepona, hakuna haja ya kusoma mstari wa pili. Mimi nilifika wa saba, maana nilishatambua kwamba ni ya mama jirani yetu.

Usiku ule nilijitetea sana. Bila mimi, barua hizi zingepotea na mashine. Kama nimeziokoa, si nina haki nazo hata kidogo? Hoja inavutia, lakini tazama inakofika. Daktari aliyekupasua angeweza kusimulia sokoni alichokiona. Aliyekuvusha ziwa Tanganyika angefungua mzigo wako. Sisi wakimbizi hoja hii tunaijua, maana tumehojiwa mara nyingi, na mara nyingi na mtu mwenye nia nzuri. Simlaumu mtu. Safari hii mimi ndiye nilikaa upande ule wa meza, na nimeona ilivyo rahisi kusahau kwamba msaada uliotoa haukukupa ufunguo.

Rafiki yangu alinishauri nifute diski yote, yaishe. Lakini kufuta nako ni kuamua juu ya kitu cha mtu bila kumuuliza.

Nikaenda kwa yule mama. Nikamwambia, "Mama, barua yako iko kwenye ile mashine. Nimeisoma bila ruhusa. Unisamehe."

Akaendelea kuchambua maharage. "Umesoma mpaka wapi, mwanangu?"

Nikamwambia.

"Basi nisomee yote. Mimi mwenyewe sijawahi kujua aliandika nini."

Nikamsomea. Mahali pamoja akanisimamisha. "Nilimwambia watoto watano. Yeye ameandika wanne?"

Nikarudia mstari. Wanne. Akanyamaza muda mrefu, mikono ndani ya ungo.

"Andika watano," akasema.

Hilo moja ndilo aliloniruhusu niwaambie ninyi wasomaji. Mengine ni yake.

Sasa vijana wanajifunza kuchapa kwenye mashine ileile. Barua nimezihamishia kwenye flashi, nikazifuta kwenye diski, na ninawatafuta wenyewe mmoja mmoja kwa majina yaliyo juu ya faili. Wengine walishapelekwa nchi za mbali, wengine walirudi Kongo, na barua zao sijui nizifanyeje. Flashi iko sandukuni kwangu, chini ya kufuli.

Kila ninayempata namwambia kwanza: sijaifungua. Kwa ile moja siwezi kusema hivyo tena.