Kijana Achague Njia Yake Mapema

Mtu anayekwenda sokoni hashiki njia yo yote inayofunguka mbele ya macho yake. Hushika ile inayofika sokoni, hata ikiwa na mlima na matope. Lakini asiyejua aendako, njia zote ni sawa kwake, na jua humchwea porini.

Ndivyo yalivyo maisha ya mwanadamu. Mungu hakumwumba mtu bure. Alimwumba apate kumjua Muumba wake, ampende na kumtii katika dunia hii, kisha aishi naye milele mbinguni. Mkatekumeni hujifunza neno hilo tangu siku za kwanza za mafundisho. Lakini kulisema kwa kinywa ni jambo moja, na kulifuata kwa miguu ni jambo jingine.

Wakati wa kuchagua njia ni ujana. Wazee husema samaki hukunjwa angali mbichi. Kijana huchagua rafiki, huchagua kazi, huchagua mchumba, huchagua pia namna ya kutumia fedha zake za kwanza. Pengine hudhani kwamba hayo ni mambo madogo, na kwamba siku ya jambo kubwa atakuwa mtu hodari. Hujidanganya. Bwana Yezu alifundisha juu ya mtu atakaye kujenga mnara: kwanza huketi na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza, watu wakamcheka. Mkristu naye huhesabu mapema, kabla ya siku ya majaribu.

Mfano wa jambo hilo umepatikana katika Kongo yenyewe. Floribert Bwana Chui Bin Kositi alizaliwa Goma, mji ulio kando ya ziwa Kivu, tarehe 13 Juni 1981. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa kijana mlei kama vijana wengine. Alisoma sheria, akatamani kuitumikia nchi yake. Wakati wa masomo aliingia katika Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968 na wanafunzi. Pamoja na wenzake alisali na kusikiliza Injili. Tena aliwaendea watoto wanaolala njiani mjini Goma, wale ambao watu wengi huwafukuza kama wezi. Aliwafundisha, akaketi nao, akawaita kwa majina yao.

Baadaye aliandikwa kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Kazi yake huko Goma ilikuwa kutazama vyakula vinavyovuka mpaka: vilivyo vizuri vipite, vilivyooza viteketezwe. Wengi huiona kazi ya namna hiyo kuwa mti wa matunda, kwa sababu mwenye mali mbovu hutoa fedha ili afungiwe macho. Floribert aliletewa fedha ili aache mchele ulioharibika upite. Akakataa. Wakamwongezea. Akakataa tena. Wakamtisha, naye hakugeuka. Alijua kwamba fedha hupita upesi, lakini wale watakaokula chakula kile wangeugua, hata kufa. Tena alijiuliza kama anaishi ndani ya Kristu au sivyo. Naye aliona kwamba anayeishi ndani ya Kristu hawezi kuwauza watu wake.

Tarehe 7 Julai 2007 watu walimteka. Walimtesa, wakamwua tarehe 8 Julai. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Wenye kumwua walidhani wameyamaliza maneno yake. Tarehe 2 Februari 2023 Baba Mtakatifu Fransisko, alipokutana na vijana na makatekista katika uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa, alimtaja Floribert mbele ya umati mkubwa, awe mfano kwao. Na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri, shahidi wa imani, katika basilika ya Mtakatifu Paulo huko Roma.

Mkatekumeni na atazame vema. Je, nguvu ya Floribert ilizaliwa siku ile alipoonyeshwa fedha? Sivyo. Ilikuwa imekua polepole kwa miaka mingi. Kila mara alipoacha starehe yake ili kumfundisha mtoto wa njiani, alijizoeza kumtanguliza mwingine. Kila mara aliposali pamoja na wenzake, mzizi wake ulishuka chini zaidi. Jaribu kubwa lilipokuja kama tufani, lilikuta mti wenye mizizi.

Huko kijijini hakuna ofisi ya mpakani. Lakini kuna kopo la kupimia unga, na kuna aliyebonyeza chini yake ili lipime kidogo. Kuna mafuta ya mawese yaliyotiwa maji. Kuna kijana aliyetumwa na baba yake kuuza mbuzi, akaficha sehemu ya bei. Kuna msichana anayeahidiwa nguo mpya ili aache usafi wa moyo. Mizani ile ile iliyokuwa mbele ya Floribert iko mbele ya hao wote: upande mmoja faida ya leo, upande mwingine Mungu na jirani. Aliyezoea kudanganya kwa kopo atadanganya kwa gunia; naye aliye mwaminifu kwa kopo anajitayarisha kuwa mwaminifu kwa mambo makubwa.

Basi kijana anayetaka kuishi kwa shabaha na ashike mambo matatu. Kwanza, ajiwekee azimio moja lililo wazi, si kumi. Asiseme tu, “Nitakuwa mtu mwema,” bali aseme, “Juma hili nitapima kwa haki,” au “Juma hili sitakunywa pombe pamoja na wale wanaonivuta katika dhambi.” Pili, kila jioni kabla ya kulala aichunguze roho yake mbele ya Mungu: ameshika azimio lake au ameanguka? Akiwa ameanguka, aombe msamaha, na kesho aanze tena. Tatu, asitembee peke yake. Achague rafiki wanaosali, amsikilize katekista wake, awaheshimu wazazi wake, na aombe neema, kwa sababu nguvu ya mtu peke yake ni kama moto wa nyasi.

Siku ya ubatizo padri atamwuliza mkatekumeni kama anamkataa Shetani na kazi zake zote. Jibu la siku ile litatoka kinywani mara moja. Lakini hutayarishwa sasa, shambani, sokoni na nyumbani.

Maulizo ya kurudia pamoja na katekista

Ulizo: Mtu aliumbwa kwa shabaha gani?
Jibu: Aliumbwa amjue Mungu, ampende, amtii, na aishi naye milele.

Ulizo: Kwa nini Floribert alikataa fedha?
Jibu: Kwa sababu alimpenda Kristu, wala hakutaka watu wadhurike kwa chakula kibovu.

Ulizo: Kijana wa kijijini atamfuataje?
Jibu: Atamfuata kwa uaminifu katika mambo madogo ya kila siku, kwa sala, na kwa kuwahudumia maskini.

Mungu awape vijana wote wa Kongo moyo usionunuliwa, na Bikira Maria awaongoze katika njia waliyoichagua, mpaka mwisho wake. Amina.