Mgeni na Jembe

Wahenga walimpa mgeni siku mbili. Ya tatu wakamkabidhi jembe. Basi yule aondokaye alfajiri ya siku ya tatu, ni mgeni wa namna gani?

Swali hili lilitukuta mimi na mke wangu huko Singapore, shanta mgongoni. Mji ule, dola huru tangu mwaka 1965, unang'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Tulikula, tukapanda treni, tukausifu. Mwenzangu ndiye aliyekatiza sifa: magharibi aliwaona vibarua wa kigeni wamepakiwa nyuma ya lori. "Hawa ndio wenye jembe," akasema.

Kampong Glam, chini ya kuba za Masjid Sultan, msikiti uliokamilika kujengwa upya mwaka 1932, umezungushwa ukanda wa vitako vya chupa. Ni mchango wa Waislamu maskini, ili nao wawe na fungu lao katika jengo. Mimi nashikilia kwamba kutazama kwa adabu nako ni mchango. Mke wangu hakubali. Kila chupa, asema, ina mkono ulioitoa.

Alfajiri tulitandika kitanda wenyewe, ijapokuwa tulikwisha kukilipia.